Jibu Lenye Tiki ya Kijani

Fundi mkuu wa lifti alikuwa na kanuni moja, na hakuna aliyethubutu kuivunja mbele yake: jibu likishapata tiki ya kijani, haliguswi. Aliitunga mwenyewe na akaisimamia mwenyewe. Kwa muda mrefu ilikuwa kanuni nzuri, na ni haki kuusema uzuri wake kwanza.

Kampuni aliyoifanyia kazi ilitunza lifti za majengo mengi ya mji: ofisi, maduka, kliniki, nyumba za kupanga. Asubuhi mafundi walichukua mikoba yao ya spana wakatawanyika. Aliyekwama alimpigia simu mwenzake, na mwenzake huyo naye yuko juu ya kibanda cha kubebea abiria cha lifti nyingine, mikono imejaa grisi, simu inalia mfukoni hawezi kuishika. Akipatikana, anajibu harakaharaka. Kesho yake mwingine anauliza jambo lilelile kwa mtu mwingine na kupewa jibu jingine kabisa. Ndipo wakubwa wakaleta Ukumbi.

Ukumbi ulikuwa ukurasa wa maswali na majibu, wa wafanyakazi peke yao, uliofunguka kwenye simu. Fundi aliandika swali lake, wenzake wakajibu, na aliyesaidika alilipa jibu alama. Kila fungu la kazi lilikuwa na mlezi wake. Mlezi ndiye aliyechagua jibu sahihi na kuliwekea tiki ya kijani. Jibu lenye tiki lilipanda juu kabisa. Mengine yalibaki chini, na mtu alipaswa kubonyeza "soma zaidi" ndipo ayaone.

Fundi mkuu alifanywa mlezi wa fungu la lifti, na kazi hiyo ilimkaa vizuri. Hakuandika jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mikono yake. Aliandika kwa kifupi, hatua baada ya hatua, bila madoido. Jioni mkewe alimkuta mezani, miwani puani, simu kaishika mbali na macho, anamjibu mtu wa tawi jingine asiyemfahamu hata kwa sura.

"Chakula kinapoa, wewe."

"Nimalize hili. Kuna mtu yuko kwenye shimo la lifti ananisubiri."

"Na mimi niko jikoni nakusubiri. Au na mimi niandike swali huko Ukumbini, labda nitajibiwa?"

Alicheka, akamaliza kuandika, kisha akala.

Kanuni yake ilikuwa na sababu. Mwanzoni Ukumbi uliruhusu kila mtu kurekebisha jibu la mwenzake. Fundi mmoja mjuaji akaingia kwenye jibu la breki akaongeza maneno "kisha tia mafuta kidogo". Breki ya lifti haitiwi mafuta. Ikitiwa inateleza, na ikiteleza watu wanakufa. Bahati yao mwingine aliyaona maneno hayo kabla hayajatendwa. Kwenye kikao cha Jumatatu fundi mkuu alisimama, ndita zimemjaa usoni.

"Kuanzia leo, jibu lenye tiki haliguswi. Mwenye lake aandike chini. Hiki si chungu cha kila apitaye kutia mwiko."

Wakubwa wakakubali. Tangu siku hiyo ni mlezi peke yake aliyeweza kuligusa jibu lenye tiki, au kuitoa tiki huku na kuipeleka kule. Mafundi wakampa jina la Mzee Tiki. Alijifanya kukasirika, lakini kila mtu aliona kwamba jina limempendeza.

Hapo ndipo mtu mwenye madaraka anapopaswa kujichunga. Kanuni iliyowekwa ili ilinde kazi huweza kuanza kumlinda aliyeiweka, na badiliko hilo halipigi kengele. Wakubwa nao hawakusaidia. Waliamua kumtangaza Mjibu Bora, yule ambaye majibu yake yamekusanya alama nyingi kuliko ya wengine, na picha yake ikatundikwa sebuleni pa kampuni, pale wageni wanapokaa. Mzee Tiki alitundikwa mara ya kwanza, akatundikwa na ya pili. Alianza kuzifungua alama zake asubuhi kabla hajanawa uso.

Jibu lililompa alama kuliko yote lilihusu mlango. Mlango wa lifti una kiunganishi kidogo cha umeme. Mlango ukifungwa sawasawa, kiunganishi kinagusana, lifti inajua kwamba ni salama kuondoka. Kikichakaa, lifti inagoma, na malalamiko ya namna hiyo yalikuja karibu kila siku. Mzee Tiki aliandika hivi: zima swichi kuu ya umeme, fungua mlango wa ghorofa, simama mguu mmoja juu ya kibanda na mwingine kizingitini, unganisha ncha mbili za kiunganishi kwa kipande cha waya, pima kwa mita ya umeme ujue kama ubovu uko hapo au mbele zaidi, toa waya. Mwishoni akaongeza sentensi iliyowapendeza wengi kwa jinsi ilivyowatoa hofu: "Umeme haupo, lifti haiendi popote."

Kwa lifti zote walizokuwa nazo wakati ule, jibu hilo lilikuwa kweli tupu.

Aliyelitegemea kuliko wote alikuwa shemeji yake. Mzee Tiki alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kike, ambaye alimlea na kumsomesha baada ya wazazi wao kufariki. Mume wa dada huyo alikuwa fundi wa umeme wa majumbani, mtu mcheshi na msafi kupita kiasi, aliyeipiga pasi hata ovaroli ya kazi. Mzee Tiki ndiye aliyemwingiza kwenye kampuni na kumfundisha lifti. Jumapili walikula pamoja nyumbani kwa dada, na utani wa mashemeji haukukauka.

"Shemeji, mimi nikikwama simtafuti mtu," alisema yule mume. "Nafungua jibu lako, naona kama umesimama nyuma yangu."

"Nikisimama nyuma yako nitakuzaba kibao. Maswali yako ya kitoto."

"Mzabe tu, kaka," alidakia dada kutoka jikoni. "Mimi mwenyewe nimeshamchoka."

"Mjomba, mzabe!" watoto walishangilia, na baba yao akajikinga kichwa kwa sahani.

Kisha majengo mapya yakaanza kuja na lifti za namna nyingine. Lifti hizi zilikuwa na betri ya uokoaji. Umeme wa jengo ukikatika watu wakiwa ndani, betri inaamka yenyewe baada ya muda mfupi, inakisogeza kibanda taratibu hadi ghorofa ya karibu na kufungua mlango. Ni jambo jema kwa abiria. Kwa fundi aliyezima swichi kuu akidhani lifti imekufa, ni hatari isiyo na sauti. Akiunganisha kiunganishi cha mlango kwa waya, lifti inaamini mlango umefungwa, betri inaona hakuna umeme, na kibanda kinaondoka.

Wa kwanza kulisema jambo hili alikuwa fundi wa kike waliyemwita Mama Mita, kwa kuwa hakuwahi kumwazima mtu mita yake hata kwa kuombwa kwa magoti. Alikuwa mama wa watoto wakubwa, ametoka kampuni nyingine, na mdomo wake haukuwa na breki. Alimkuta Mzee Tiki stoo akichagua boliti.

"Mzee, lile jibu lako la mlango limepitwa na wakati."

"Limepitwa na nini?"

"Na betri. Lile jengo la vioo, nimezima swichi kuu, nimesimama naongea na mlinzi, nasikia kibanda kinatambaa peke yake. Ningefuata maneno yako ningekuwa nyama ya kusaga. Lazima uzime na betri, halafu ubonyeze kitufe cha kusimamisha kilicho juu ya kibanda. Andika hivyo."

"Jibu lina tiki. Kama una lako, andika chini."

"Chini atalisoma nani? Mtu yuko ngazini, mtandao unakokota, simu inamletea la juu tu. Huko chini ni makaburini."

"Kanuni ni kanuni, Mama Mita."

"Kanuni umeitunga wewe. Si imeshuka kutoka mbinguni!"

Vijana wa stoo walicheka kwa chinichini. Kicheko kile kiliharibu mambo. Mzee Tiki alizifunga boliti zake kwenye mfuko, akampa kisogo, akatoka. Mama Mita aliandika jibu lake chini kama alivyoambiwa. Lilikuwa zuri, fupi, sahihi. Wachache waliolifikia walilipa alama. Wengi hawakulifikia.

Mzee Tiki angeweza kujitetea kwamba hakumwamini Mama Mita, na hilo lingekuwa kosa la ujinga. Lakini baadaye kidogo alikwenda mwenyewe kukagua lifti mpya ya kliniki moja kabla haijaanza kutumika. Alizima swichi kuu, akasimama na kushika kidevu, akasikiliza. Kibanda kikasogea. Kilishuka polepole, bila kelele, kikafika ghorofa ya chini na kufungua mlango kama mtumishi mwenye adabu. Mzee Tiki alibaki ametoa macho. Kuanzia dakika hiyo alijua, na kila kilichofuata lazima kipimwe kwa kujua huko.

Siku hiyo hiyo alikaa kwenye kiti cha mapokezi ya kliniki, akaufungua Ukumbi, akalitafuta jibu la Mama Mita. Alibonyeza pale palipoandikwa "hamisha tiki". Simu ikamuuliza: ukihamisha tiki, alama za jibu la awali zitaondolewa kwa mwandishi wake, unaendelea? Alikuwa anajua kwamba Mjibu Bora angetangazwa Ijumaa. Alijua pia kwamba anayemfuata kwa alama, tena kwa karibu sana, ni Mama Mita. Picha mbili za uso wake zilikuwa zimetundikwa sebuleni pa kampuni, na ukutani palibaki nafasi ya picha ya tatu.

Alijiambia: Ijumaa ipite kwanza. Jumatatu nitahamisha.

Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana habari yake inaumiza. Mtu mbaya asingejisumbua kujipa tarehe. Yeye alijipa tarehe, akahisi kama ameshatenda, akalala usingizi. Angeweza hata kuiacha tiki ilipo na kuwapigia mafundi simu mmoja mmoja. Angeweza kumpigia mmoja tu, ambaye namba yake aliijua kwa kichwa. Hakupiga, kwa sababu angeulizwa, "Sasa mbona hulirekebishi jibu?"

Alhamisi, mpangaji wa kazi alipokea simu kutoka kliniki ileile: lifti imegoma, mlango wa ghorofa ya pili una tatizo, na mgonjwa wa kiti cha magurudumu amekwama juu. Aliyekuwa karibu alikuwa shemeji. Mpangaji akamtuma. Mzee Tiki alikuwa mlangoni pa ofisi hiyo na kikombe cha chai, akasikia.

"Nani umempeleka kliniki?" aliuliza.

"Shemeji yako. Kuna shida?"

"Lifti ile ni mpya."

"Basi ataangalia Ukumbini. Si ndiyo kazi yake Ukumbi?"

Mzee Tiki aliweka kikombe, akatoa simu, akampigia. Simu iliita hadi ikakata. Akapiga tena. Shemeji alikuwa na mazoea mazuri aliyofundishwa na yeye mwenyewe: ukiwa kwenye lifti, usishike simu inayoita. Mzee Tiki alifungua Ukumbi, akabonyeza "hamisha tiki", na safari hii hakusoma swali aliloulizwa. Tiki ikahama. Jibu la Mama Mita likapanda juu. Lakini ukurasa alioufungua mtu kwenye ngazi za kliniki ulikuwa umeshafunguka, na haukujibadilisha wenyewe mikononi mwake.

Shemeji alifuata jibu neno kwa neno. Alizima swichi kuu, akafungua mlango, akasimama mguu mmoja juu ya kibanda na mwingine kizingitini, akaunganisha waya. Muuguzi aliyekuwa amemshikia tochi alisema kwamba alikuwa akipiga mluzi. Kibanda kilipoanza kushuka, alijaribu kuruka nyuma. Mguu wa kushoto ulitoka. Wa kulia ulibanwa kati ya kibanda na ukingo wa sakafu, na kwa kuwa lifti ilikwenda polepole, ilichukua muda.

Hospitalini, dada alikaa kwenye benchi la ukumbi wa kungojea, mkoba wa mumewe mapajani. Ovaroli ilikuwa imekatwa kwa mkasi, na vipande vyake alikuwa amevikunja vizuri, kimoja juu ya kingine. Mzee Tiki alikuja akasimama mbele yake. Alikuwa ametoka kuzungumza na meneja, na meneja alikuwa amempa njia ya kupita. "Jibu sahihi lilikuwepo," meneja alimwambia. "Limeandikwa siku nyingi. Shemeji yako hakubonyeza kusoma zaidi, na hilo ni la kwake." Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Ilibaki kuyasema tu.

"Kaka, kaa," alisema dada.

Akakaa.

"Daktari anasema hautapona, ule mguu. Watautoa." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayehesabu nguo za kufua. "Mwenyewe kabla hawajampa dawa ya usingizi ameniambia nikwambie usijilaumu. Eti labda amekosea hatua. Anasema jibu lako halijawahi kumwangusha."

Mzee Tiki alivitazama vile vipande vya ovaroli.

"Amekosea hatua?"

"Hajakosea."

"Sasa?"

"Jibu ndilo lenye makosa. Kwa lifti zile mpya, si sahihi."

Dada aligeuka akamtazama. Aliijua sura hii tangu alipokuwa mtoto. Ndiyo iliyomwamsha asubuhi kwenda shule, ndiyo iliyosimama mlangoni siku anaolewa, ikijizuia kulia mbele za watu.

"Ulikuwa unajua?"

Hapo meneja alikuwa amemwandalia jibu. Aliliacha.

"Nilijua."

"Tangu leo?"

"Tangu wiki iliyopita. Nililiona kwa macho yangu, kliniki hapohapo."

"Kwa nini hukulibadilisha?"

Akamweleza. Alieleza yote, tiki, alama, Ijumaa, picha, Mama Mita na kicheko cha stoo. Kadiri alivyoeleza ndivyo jambo lilivyozidi kuwa dogo, hadi mwisho akaona haya kwa udogo wake kuliko kwa jambo lingine lolote.

"Picha," alisema dada.

"Dada..."

"Picha ya ukutani." Akanyanyuka, akaukumbatia mkoba. "Nenda nyumbani, kaka."

"Nisubiri nimwone."

"Akizinduka atataka kukutania. Nami sitaki akutanie. Nenda."

Wapo watakaomsifu kwa kusema kweli wakati uongo ulikuwa umewekwa mezani tayari. Alipaswa kuisema, lakini asisifiwe kupita kiasi. Ukweli alioutoa pale hospitalini ulikuwa uleule aliokuwa nao kwenye kiti cha mapokezi ya kliniki siku chache kabla, na siku ile ungetosha kwa kubonyeza mara moja.

Ijumaa Mjibu Bora alitangazwa kama ilivyopangwa, maana wakubwa hawakufikiri kuahirisha. Alikuwa Mama Mita. Alipoitwa mbele alisema, "Msinitundike mimi. Tundikeni namna ya kuzima betri," akarudi kukaa. Hakuna aliyepiga makofi. Jibu lake likachapwa kwa herufi kubwa na kubandikwa ndani ya kila chumba cha mashine. Siku ya pili yake Mzee Tiki aliomba kuondolewa ulezi. Wakamwondoa, na kwa kuwa meneja alimwonea huruma, hakufukuzwa. Wakafuta pia kanuni yake: sasa jibu lolote lenye tiki hupitiwa upya na watu wawili kila lifti mpya inapoingia.

Bado anatengeneza lifti. Kwenye Ukumbi haandiki tena. Anasoma tu, na akisoma hubonyeza hadi jibu la mwisho kabisa. Jumapili anakula nyumbani kwake na mkewe, wawili peke yao. Mkewe huenda kumsalimia wifi yake akarudi na habari: watoto wazima, shemeji amepewa kazi ya kukaa mezani kupokea simu za wateja, anacheka kama zamani, anauliza habari za Mzee Tiki. Dada haulizi. Mzee Tiki alipomwandikia ujumbe, haukujibiwa. Alipokwenda mwenyewe, mtoto mkubwa alitoka mlangoni na kumwambia kwa heshima, "Mjomba, mama amesema amelala," nayo ilikuwa saa sita mchana.

Shemeji yake alipoteza mguu wa kulia chini ya goti. Yeye alimpoteza dada yake.